Uvimbe Mkubwa wa Ini Usio Saratani: Mwongozo Kamili wa Upasuaji kwa Mgonjwa na Ndugu wa Kanda ya Ziwa

Karatasi ya altrasaundi inapoandikwa kwamba kuna uvimbe mkubwa kwenye ini, swali la kwanza linaloulizwa nyumbani ni lini utatolewa. Swali hilo ni la haki, lakini linakuja mapema mno. Kinachopaswa kujulikana kwanza ni uvimbe huo ni wa aina gani na unamfanya nini mgonjwa, kwa sababu uvimbe wa sentimeta 12 wa aina moja unaweza kuachwa mahali ulipo maisha yote bila madhara, huku wa sentimeta 6 wa aina nyingine ukihitaji kutolewa hata kama mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Ukubwa peke yake hautoshi kumpeleka mtu kwenye kisu, na hilo ndilo ningependa msomaji alishike katika hatua zote zinazofuata.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wagonjwa na ndugu wanaoishi Mwanza, visiwani na katika mwambao wa Ziwa Victoria. Hauchukui nafasi ya daktari aliyempima mgonjwa kwa mikono yake. Kazi yake ni kuwasaidia kuelewa anachowaambia na kujua maswali ya kumuuliza. Kanda yetu ina mambo yake yanayobadilisha hesabu: kichocho cha tumbo kimeenea kwa wanaoingia ziwani kila siku, homa ya ini aina ya B ipo, saratani ya ini ipo, na selimundu imo katika familia nyingi. Kwa sababu hiyo njia ya kufikia uamuzi wa upasuaji hapa ina vituo vingi kuliko inavyoonekana katika vitabu vilivyoandikwa Ulaya.

Hatua ya kwanza: Kuujua uvimbe kwa jina lake

Uvimbe wa ini usio saratani unaoonekana zaidi kuliko mwingine wote ni hemanjioma. Ni mkusanyiko wa mishipa midogo ya damu iliyotanuka, laini kama sifongo iliyolowana, na huonekana zaidi kwa wanawake walio kati ya miaka 30 na 50. Madaktari wengi huuita mkubwa unapozidi sentimeta 5, na wapo wanaolihifadhi neno hilo kwa ule uliozidi sentimeta 10. Haugeuki kuwa saratani. Kupasuka kwake wenyewe ni jambo la nadra sana, na wengi wanaoishi nao hawajui kwamba wanao mpaka siku wanapopimwa kwa sababu nyingine kabisa, kama vile ujauzito au vidonda vya tumbo.

Aina ya pili ni ule unaofahamika kitaalamu kwa kifupi cha FNH (focal nodular hyperplasia, yaani seli za ini zenyewe zilizoongezeka mahali pamoja), ambao kwa kawaida una kovu katikati lenye umbo la nyota. Nao hauwi saratani na hauvuji damu isipokuwa kwa nadra mno. Ukithibitishwa kwa picha, mgonjwa hahitaji dawa wala kisu.

Adenoma ya ini ndiyo inayotaka tahadhari. Hutokea zaidi kwa wanawake waliotumia vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni kwa muda mrefu, na unene wa mwili uliopita kiasi huongeza uwezekano wake. Inaweza kuvuja damu ndani ya tumbo ghafla, na baadhi yake hugeuka kuwa saratani. Ni nadra zaidi kwa wanaume, lakini inapotokea kwao hatari ya kugeuka ni kubwa zaidi.

Kuna pia vifuko vya maji ambavyo mtu huzaliwa navyo au huvipata kadiri umri unavyosogea. Vyenye ukuta mwembamba na maji safi ndani havina neno. Vyenye kuta nene na vyumba ndani yake ni jambo jingine, kwa kuwa vinaweza kuwa uvimbe wenye tabia ya kugeuka saratani, au kifuko cha minyoo tegu inayotoka kwa mbwa, ambayo katika jamii za wafugaji ni lazima ifikiriwe. Kifuko cha minyoo kisichomwe sindano kiholela, kwa maana maji yake yakimwagika tumboni yanaweza kuleta mzio mkali wa ghafla na kupanda mbegu za vifuko vipya.

Watoto wachanga wana hemanjioma ya aina yao, tofauti na ya watu wazima, na nyingi hunywea zenyewe au kwa dawa ya propranololi. Mwongozo huu hauwahusu.

Hatua ya pili: Vipimo, na mpangilio wake

Altrasaundi huonyesha kwamba kuna kitu, mara nyingi na ukubwa wake, lakini si rahisi kwake kusema kwa uhakika ni kitu gani. Kipimo kinachofuata ni siti skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na inafaa kueleza kwa undani jinsi inavyosomwa, maana wagonjwa wengi hupigwa siti skani bila dawa hiyo kwa kubana gharama, kisha wakalazimika kurudia.

Dawa hiyo huchomwa kwenye mshipa wa mkono, na mashine hupiga picha za ini kwa awamu. Katika awamu ya mwanzo, damu ya ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, ndiyo inayofika. Hemanjioma huanza kung'aa pembezoni tu, kwa madoa madoa yasiyoungana, huku katikati pakibaki giza. Sekunde kadhaa baadaye madoa yanakua kuelekea ndani, na baada ya dakika chache uvimbe wote, au sehemu yake kubwa, umejaa mwanga na umeubakiza. Saratani ya ini hufanya kinyume chake: hung'aa haraka wote kwa mara moja, halafu dawa hutoka upesi na kuuacha mweusi kuliko ini linaloizunguka. Picha zikipigwa kwa awamu moja pekee, mwendo huo hauonekani, na daktari hubaki akikisia. Muulize mhudumu wa picha kabla ya kulipa kama kipimo kitakuwa na awamu hizo. Kabla ya dawa kuchomwa, figo zipimwe kwa kipimo cha kreatinini, na mgonjwa aseme kama amewahi kupata mzio. Pale siti skani inapobaki na mashaka, MRI, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, hutofautisha vizuri zaidi, hasa kati ya FNH na adenoma.

Pamoja na picha, damu ipimwe homa ya ini B na C, kazi ya ini, wingi wa damu pamoja na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), muda wa damu kuganda, na alfa-fetoprotini, protini ambayo saratani ya ini mara nyingi huipandisha. Alfa-fetoprotini iliyo kawaida haitoshi kuondoa saratani, kwa sababu baadhi ya saratani za ini haziipandishi. Lakini iliyopanda sana kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B hubadilisha mwelekeo wote wa mazungumzo. Kwa mgonjwa mwenye homa kali, maumivu makali ya upande wa kulia na jasho, jipu la amiba litangulizwe mawazoni, nalo hutibiwa kwa metronidazoli na pengine kunyonywa usaha kwa sindano, bila upasuaji mkubwa.

Kuhusu kukata kinyama kwa sindano, msimamo wangu ni huu: usikubali kifanyike kabla ya picha za awamu kusomwa na mtu anayezijua. Hemanjioma iliyotobolewa inaweza kuvuja damu nyingi, na mara nyingi picha peke yake zingetosha. Sindano inabaki na nafasi yake pale picha zinapogongana, na huko ifanyike mahali penye damu ya kuongeza na daktari wa upasuaji karibu.

Hatua ya tatu: Kuamua kama kuna sababu ya kukata

Chukulia mama wa miaka 42 kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, ana hemanjioma ya sentimeta 11 na anasikia tumbo limejaa na kuuma chini ya chembe cha moyo kila anapokula. Ni rahisi kuulaumu uvimbe. Hata hivyo maumivu ya namna hiyo yanaweza kutoka kwenye vidonda vya tumbo au mawe ya mfuko wa nyongo, na yakiwa ndiyo sababu, mama huyo atakatwa ini lake, atapona kidonda, na maumivu yatabaki pale pale. Kwa hiyo kabla ya kuamua, apimwe kwa endoskopi (kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni), nyongo yake iangaliwe, na apewe dawa za vidonda ikiwa vimeonekana. Maumivu yasipoondoka, na uvimbe ukionekana waziwazi kusukuma tumbo la chakula au kubana ini, hapo sababu ya upasuaji inakuwa imesimama.

Kwa hemanjioma, sababu zinazokubalika ni maumivu au kubanwa kusikoeleweka kwa njia nyingine, ukuaji wa haraka, kupasuka, mashaka ya kweli kuhusu aina ya uvimbe, na hali ya nadra ambapo uvimbe mkubwa hunyonya chembe sahani na vigandisho vya damu mpaka mgonjwa akaanza kuvuja damu sehemu nyingine za mwili. Ujauzito na vidonge vya majira havikatazwi kwa sababu ya hemanjioma pekee. Wanawake wengi huambiwa wasizae tena mpaka wapasuliwe, na ushauri huo hauungwi mkono na miongozo ya wataalamu wa ini.

Kwa adenoma, mwanamke huacha vidonge vya majira vyenye estrojeni na kupunguza uzito ikiwa amezidi, kisha picha hurudiwa baada ya miezi 6. Ukibaki wa sentimeta 5 au zaidi, au ukiwa umekua, hutolewa. Kwa mwanaume hutolewa bila kujali ukubwa. Katika miezi hiyo 6 mama asiachwe bila uzazi wa mpango. Kitanzi cha shaba hakina homoni na kinapatikana katika vituo vingi vya afya.

FNH huachwa. Kifuko cha maji safi kinachobana hufunguliwa kwa kuondoa paa lake, na siku hizi hilo hufanywa kwa matundu madogo ya kamera pale penye vifaa. Kifuko chenye vyumba vinavyotiliwa shaka hutolewa chote.

Rufaa hufuata ngazi tunayoijua: zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Sekou Toure ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha Bugando kwa kanda nzima, na inapolazimu, Muhimbili. Swali la kumuuliza daktari wa upasuaji kwa heshima, na asiyepaswa kukasirishwa nalo, ni hili: je, upasuaji wa kukata ini hufanyika hapa mara kwa mara, na mgonjwa akivuja damu usiku, nani yuko zamu? Upasuaji wa uvimbe usio saratani una nafasi ya kusubiri wiki au miezi mpaka timu inayofaa ipatikane, na nafasi hiyo itumike.

Dharura haina muda huo. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo kwa mwenye uvimbe unaojulikana, pamoja na kizunguzungu, weupe wa viganja na mapigo ya moyo ya haraka, ni dalili ya kuvuja damu ndani. Mgonjwa apelekwe hospitali iliyo karibu yenye damu, aongezewe damu na kutulizwa, na ikibidi madaktari wafungue tumbo na kuubana uvimbe kwa vitambaa vya upasuaji kabla ya kumsafirisha. Kuzuia ateri inayolisha uvimbe kwa kupitishia mpira mwembamba kwenye mshipa ndiyo njia bora zaidi ya kusimamisha damu pale huduma hiyo ilipo; ini hukatwa baadaye, mgonjwa akiwa ametulia. Anayeishi kisiwani na mwenye adenoma inayosubiri upasuaji afikirie kuhamia kwa ndugu Mwanza mjini kwa kipindi hicho, kwa maana usiku hakuna kivuko cha kungoja.

Hatua ya nne: Kulikagua ini litakalobaki

Hapa ndipo mwambao wa ziwa unapotofautiana na kwingine, na ndiyo hatua ninayoona inarukwa kwa urahisi zaidi.

Mayai ya kichocho cha tumbo yanayokwama kwenye ini kwa miaka huacha makovu kuzunguka matawi ya mshipa wa lango, yaani mshipa unaoleta damu kutoka kwenye matumbo na bandama. Damu ikipata upinzani ndani ya ini, shinikizo hupanda nyuma yake: bandama huvimba na kumeza chembe sahani, na mishipa ya koo la chakula hutanuka kiasi cha kupasuka na kumfanya mtu atapike damu. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuwa na vipimo vya kazi ya ini vilivyo kawaida kabisa, kwa sababu kichocho huharibu njia za damu kuliko seli za ini zenyewe. Akipelekwa kukatwa ini kwa kuangalia bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo iliyo kwenye damu) tu, damu itakayotoka mezani itawashangaza wote waliopo.

Basi kila anayetoka kandokando ya ziwa, awe mvuvi, mchuuzi wa dagaa au mkulima wa mpunga wa Magu, apimwe mambo haya kabla ya tarehe kupangwa: bandama kwa altrasaundi, upana wa mshipa wa lango na makovu yanayouzunguka, idadi ya chembe sahani, na endoskopi ya koo la chakula endapo chembe sahani ni chache au bandama imevimba. Prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyopo. Makovu ya zamani hayaondoki kwa dozi moja. Mwenye shinikizo kubwa la mshipa wa lango na hemanjioma isiyomsumbua ana kila sababu ya kuacha uvimbe wake mahali ulipo.

Kiasi cha ini litakalobaki hupimwa kwenye picha za siti skani. Ini lenye afya linaweza kuhimili kubakiwa na takriban robo ya ujazo wake na kukua tena. Ini lenye makovu ya sirosisi huhitaji kubakiwa na karibu asilimia 40 au zaidi. Uvimbe mkubwa usio saratani una nafuu moja hapa: umekua taratibu, na mara nyingi ini lisilo na uvimbe limeshajitanua upande wa pili kufidia.

Hatua ya tano: Wiki za maandalizi

Damu ndiyo kazi ya kwanza ya ndugu. Mgonjwa wa kukatwa ini huandaliwa yuniti kadhaa zilizopimwa ulinganifu na damu yake, na idadi huamuliwa na daktari kulingana na uvimbe ulipo. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda Mwanza, na mchangiaji hahitaji kuwa wa kundi moja na mgonjwa, kwa kuwa damu yake huingia benki na kusaidia kupatikana kwa inayolingana. Wachangiaji waende wiki moja au mbili kabla, wakiwa wamekula na kunywa maji. Kungoja asubuhi ya upasuaji ndipo ndugu watafutane kwa simu ni kumweka mgonjwa hatarini bila sababu, na ni jambo linaloweza kuepukwa kabisa.

Wingi wa damu wa mgonjwa mwenyewe upandishwe. Upungufu wa damu hapa mara nyingi unatokana na minyoo ya safura, malaria, hedhi nzito au kichocho, na vyote vina dawa; vidonge vya madini ya chuma kwa wiki 4 hadi 8 huweza kumpunguzia mgonjwa yuniti ambazo vinginevyo angeongezewa. Selimundu ipimwe kwa wote wasiojua hali yao, kwa sababu daktari wa usingizi atabadilisha mpango wake wa hewa, maji na joto la mwili akijua mgonjwa anayo.

Dawa zote zitajwe, na za miti shamba zikiwemo. Baadhi ya mitishamba huumiza ini na mingine hubadilisha kuganda kwa damu. Iachwe mapema, na isifichwe kwa aibu. Aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda zisisimamishwe bila daktari aliyeziandika kushirikishwa. Kuchanjwa chale juu ya mbavu hakufikii uvimbe ulio ndani ya ini, na wembe unaotumika kwa watu wengi hupeleka homa ya ini B kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Pombe iachwe, ya viwandani na ya kienyeji. Sigara nayo iachwe angalau wiki 4 kabla, kwa ajili ya mapafu.

Kuhusu malipo, mwenye bima apeleke barua ya daktari mapema ili kibali kipatikane, na aulize waziwazi ni vitu gani havimo. Asiye na bima aombe makadirio kwa maandishi yanayotaja kitanda cha chumba cha uangalizi maalumu, vipimo vya kila siku na patholojia (uchunguzi wa maabara wa uvimbe uliotolewa), maana gharama hizo ndizo zinazosahauliwa.

Usiku wa kuamkia upasuaji, kanuni ya jumla ni kutokula chakula ndani ya saa 6 na kutokunywa hata maji safi ndani ya saa 2 kabla ya usingizi, lakini maelekezo ya daktari wa usingizi wa hospitali husika ndiyo yafuatwe.

Hatua ya sita: Kinachofanyika mezani

Ini hupata damu kupitia njia mbili: takriban robo tatu hutoka mshipa wa lango na robo hutoka ateri ya ini. Mwaka 1957 Mfaransa Claude Couinaud alilieleza ini kwa vipande 8, kila kimoja kikiwa na mshipa wake wa kuingizia damu na mrija wake wa nyongo, na ramani hiyo ndiyo inayomwezesha daktari leo kutoa sehemu moja bila kuua ya jirani.

Mgonjwa hulazwa usingizi wa kaputi kamili, hupewa antibayotiki kabla ya kukatwa, na tumbo hufunguliwa chini ya mbavu za kulia kwa mkato unaoweza kupanda hadi kifuani katikati. Mishikizo inayolifunga ini kwenye kiwambo cha pumzi hukatwa ili ini lisogezwe, na uvimbe ukiwa mkubwa, kazi hii ya kuusogeza bila kuuchana ndiyo inayotaka subira kuliko zote.

Daktari wa usingizi ana mchango usioonekana. Huzuia maji mengi kuingia mwilini kabla ini halijakatwa, ili shinikizo la damu ndani ya mishipa mikubwa inayotoka kwenye ini libaki chini. Mishipa hiyo ikiwa imejaa, kila mkato hububujika. Maji hurudishwa baada ya uvimbe kutoka. Daktari wa upasuaji naye huweza kubana kifungu chenye mshipa wa lango na ateri kwa dakika 15, kuachia kwa dakika 5, kisha kubana tena, mbinu iliyoelezwa mwaka 1908 na James Hogarth Pringle wa Glasgow.

Kwa hemanjioma iliyo karibu na uso wa ini, njia inayofaa mara nyingi ni kuumenya uvimbe badala ya kukata kipande cha ini. Kati ya uvimbe na ini huwa kuna utando mwembamba wa ini lililobanwa, na daktari akiupata utando huo anaweza kuufuata kwa vidole na kifaa butu, akifunga kila kamshipa kanachovuka. Kwanza hutafuta tawi la ateri linaloulisha uvimbe na kulifunga. Mara tu linapofungwa, uvimbe uliokuwa umejaa na kukaza hulegea chini ya mkono na kupungua, na hapo huwa rahisi kuushika na kuugeuza. Ini zima lenye afya hubaki, na mirija mikubwa ya nyongo haiguswi.

Uvimbe uliozama katikati, uliokalia upande mzima wa ini, au ambao haujulikani vizuri kama ni adenoma au saratani, hutolewa pamoja na vipande vya ini vilivyoubeba. Hapa kumenya hakufai, maana kama ni saratani, pembezoni mwake patabaki seli. Upasuaji wa matundu madogo unawezekana kwa uvimbe ulio mahali panapofikika, ila kwa uliozidi sentimeta 10 wengi bado hufungua tumbo, na mgonjwa asilione hilo kuwa upungufu. Kuzuia ateri kwa mpira mwembamba bila upasuaji hupunguza dalili za hemanjioma kwa baadhi ya wagonjwa, lakini uvimbe unaweza kukua tena. Kupandikizwa ini kwa ajili ya uvimbe usio saratani ni jambo la wachache mno duniani.

Mwisho wa kazi, uso uliokatwa hukaguliwa kwa kitambaa cheupe: doa la kijani au manjano huonyesha mrija wa nyongo unaovuja, nao hushonwa kabla tumbo halijafungwa. Wapo wanaoacha mpira wa kutolea majimaji, na wapo wasioacha.

Hatua ya saba: Wodini

Siku moja au mbili za mwanzo mgonjwa mara nyingi huwa katika chumba cha uangalizi maalumu. Ndugu wanaokaa naye wanaweza kusaidia kwa kuangalia mambo machache kwa makini. Mpira wa kutolea majimaji ukileta damu nyekundu inayoendelea kujaa chupa, muuguzi aitwe papo hapo. Majimaji ya rangi ya majani kuukuu au manjano iliyokolea baada ya siku ya tatu huashiria nyongo, na maabara huthibitisha kwa kulinganisha bilirubini ya chupani na ya damuni: ikiwa mara 3 au zaidi, nyongo inavuja. Mivujo mingi ya namna hiyo hufunga yenyewe mpira ukiendelea kuachwa.

Macho kuwa manjano zaidi kila siku, kuchanganyikiwa, na tumbo kujaa maji ni dalili kwamba ini lililobaki linaelemewa. Madaktari hutazama kwa uzito bilirubini na muda wa damu kuganda vya siku ya 5. Vyote viwili vikiwa vibaya siku hiyo, hali ni ya hatari.

Mgonjwa akalishwe na kutembezwa kuanzia siku ya kwanza kadiri madaktari wanavyoruhusu, na avute pumzi ndefu kila saa akiwa macho, akishika mto tumboni ili akohoe bila kuumia. Pafu la kulia, lililo juu ya ini, hupenda kujaa maji baada ya upasuaji huu. Parasetamoli hutumika kwa kipimo kilichopunguzwa ikiwa sehemu kubwa ya ini imetolewa. Ndugu wasimletee nyingine kutoka duka la dawa. Uji, samaki mbichi aliyepikwa laini, mayai na maharage huanza kidogo kidogo, kwa kuwa ini linalojijenga linataka protini.

Ini huanza kukua ndani ya siku za mwanzo na sehemu kubwa ya ujazo wake hurudi katika miezi 3. Halioteshi tena kipande kilichotoka. Kilichobaki ndicho kinachonenepa.

Hatua ya nane: Nyumbani na majibu ya patholojia

Wengi huruhusiwa baada ya wiki moja hivi mambo yakienda vizuri. Kwa wiki 6 hadi 8 asibebe ndoo ya maji, asivute nyavu, asilime wala kukaa nyuma ya bodaboda kwenye barabara mbovu, kwa sababu kidonda cha ukuta wa tumbo kikiachia huleta ngiri ya kovu. Homa, usaha, macho ya manjano, kinyesi cheusi au maumivu ya begani upande wa kulia vimrudishe hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

Uvimbe uliotolewa huwekwa kwenye formalini na kupelekwa patholojia, na majibu yake hukamilika baada ya mgonjwa kuondoka. Yafuatwe. Jina lililoandikwa kwenye fomu, namba ya faili na namba ya simu ya ndugu vihakikishwe siku ile ile ya upasuaji. Kama majibu yanasema hemanjioma iliyotoka yote, kinachobaki ni uponyaji wa kawaida. Yakisema adenoma, vidonge vyenye estrojeni havirudiwi, na altrasaundi hufanywa kwa vipindi atakavyopanga daktari, kwa kuwa adenoma nyingine inaweza kuwepo au kuota. Yakisema saratani, ambayo hutokea hata pale picha zilipoonyesha vingine, mgonjwa aanze kliniki ya saratani mara moja. Mwenye majibu hasi ya homa ya ini B achanjwe, na watoto wa nyumbani waangaliwe kama walimaliza chanjo zao.

Anayerudi kazi ya ziwani apate prazikwanteli kila kampeni inapopita, kwa sababu maji yale yale yatamwambukiza tena. Diski ya siti skani, barua ya kuruhusiwa na majibu ya patholojia vikae kwenye bahasha moja isiyopitisha maji, na bahasha hiyo iende na mgonjwa kila hospitali atakayotibiwa, kwa sababu daktari yeyote atakayempima tumbo miaka ijayo ataona ini lenye umbo lisilo la kawaida na atahitaji kujua kwa nini.